Dua Isiyo na Mwisho wa Kusikika

Ukili wa saba wa jamvi ulikuwa umeshonwa hadi katikati Mwalimu Nicodemus alipopiga hodi. Bi Esha hakuiweka sindano chini. Alhamisi shule ya Kipungani ingewaaga wanafunzi wa gredi ya sita, na jamvi hilo ndilo wangelikalia wazazi.

"Karibu, Mwalimu. Ndoo hapa, ukae. Ila usinikalie miyaa yangu."

Mwalimu alikaa ukingoni mwa baraza. Binti yake, Rael, alibaki amesimama. Kakake Bi Esha, Bwana Bakr, alikuwa akichana miyaa, yale majani ya kusukia ukili, kwa kisu.

"Umekuja kupiga kampeni?" Bakr aliuliza.

"Nimekuja kuomba. Dua ya Kiislamu ifungue sherehe kama kawaida, kisha ifuate sala ya Kikristo. Dakika mbili."

"Wakristo mko wangapi shule nzima?"

"Watano, na mimi nikiwemo."

"Hata kwaya hamtoshi!"

Mwalimu alicheka bila kupenda. "Lakini shule ni ya serikali, Bwana Bakr."

"Na mawe yake tuliyabeba vichwani sisi."

Bi Esha aliona wote wawili wamesema kweli, na hilo ndilo lililomchosha. Katika kamati ya shule, wajumbe wawili walikubali sala ya pili na wawili walikataa. Neno la tano lilikuwa lake, na kikao kilikuwa kesho.

Jambo lenyewe lilianzia mwaka uliopita. Kwenye sherehe kama hii, Maalim wa madrasa aliomba dua, kisha akasema, "Al-Fatiha." Watu wakaisoma kimoyomoyo, wakapangusa nyuso, wakakaa. Rael alikuwa amefumba macho kama afanyavyo kanisani, akingoja kusikia Amina ya mwisho. Alisimama hivyo peke yake hadi uwanja mzima ukaangua kicheko. Mwaka huu alichaguliwa kusoma risala ya wanafunzi, naye amesema hatakwenda.

"Wewe mwenyewe wataka nini, mwanangu?" Bi Esha alimuuliza.

Rael alimtazama babake kwanza. "Nataka mtu aniambie ikiisha."

Sindano ilisimama. Kamati ilikuwa imekaa mara tatu, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Nitakaa ubavuni mwako. Ikiisha, nitakugusa mkono."

"Na ukisahau?"

"Nivute leso."

Rael alitabasamu kidogo. "Basi nitasoma."

Bakr alijipiga paja. "Yamekwisha! Sala ya pili ya nini tena?"

Mwalimu alimgeukia Bi Esha. "Ahsante, Bi Esha. Lakini hilo ni la mtoto. Langu bado lipo. Miaka sita nasimama pale nikisema Amina kwa dua za wenzangu. Natamani siku moja nao waseme kwa yangu."

Bakr alichukua jani jingine akalichana.

Adhana ya magharibi ilianza. Bi Esha alichomeka sindano pale pale ukili ulipofika.

"Kesho nipitie kabla ya kikao," alimwambia Mwalimu. "Uniombee hiyo sala yako niisikie yote. Siwezi kuikubali wala kuikataa hali sijui inasemaje."

"Hapa barazani?"

"Hapa hapa. Na Bwana Bakr awepo."

"Mimi kesho nina kazi," alisema Bakr.

"Kazi yako ni miyaa hii. Haijafika nusu."