Ufa wa Mafuta ya Taa

Marehemu alikuwa lori la Mjomba Sakeasi. Alifia topeni, mgongoni kabeba mihogo ya nusu ya kijiji. Bila injini nyingine kabla ya mavuno, mboga zetu zingeozea shambani.

Ndipo Kitione wa ng'ambo ya mto akaleta bloku kuukuu ya injini, tubadilishane kwa nguruwe wetu jike. Sasa, watu wa ng'ambo ni watani wetu tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana, hukuchukulia hata kuku aliye chunguni, nawe unacheka. Kukasirika ni mwiko. Ni sheria nzuri sana, ila si ya kupatia injini.

"Bloku hii safi kuliko roho yako, Sakeasi," alisema Kitione, jicho kwa nguruwe.

"Roho yangu haijapakwa rangi mpya."

Mjomba aliichunguza kama daktari. Aliigonga kwa nyundo ndogo, ikalia vizuri. Akapitisha ukucha ndani ya kila silinda akitafuta mikwaruzo. Mwisho akaipaka mafuta ya taa, akaniagiza mimi, mpwa wake niliyekuja likizo, niifute ikauke, kisha niinyunyizie unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha hutoka tena na kuchora mstari mweusi.

Wao wakaenda kuketi kwenye bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi. Nikabaki na bloku, chaki na shetani.

Niliifuta kwa uaminifu wote niliofundishwa bwenini. Kisha nikachovya unyoya wa kuku kwenye mafuta, nikachora mstari mwembamba, uliopinda kwa ustadi, kati ya silinda ya pili na ya tatu. Nikanyunyiza chaki. Nilitaka tu kumwona Kitione akitoka jasho.

"Mjomba," niliita kwa sauti ya msibani, "njoo uone."

Mjomba akainama. "Ufa," akasema.

"Haiwezekani!" Kitione akafoka, kifuu cha yaqona bado mkononi. "Hapo hapana kitu! Ufa uko huku ubavuni, na nimeuziba mwenyewe kwa gundi ya chuma, juu nikapaka ra—"

Nguruwe aliguna.

Mjomba alikwangua rangi kwa kisu pale kidole cha Kitione kilipokuwa kingali kimeelekea. Gundi ikabanduka, na ufa wenyewe ukatuchekea. Kisha akagusa mstari wangu, ukafutika. Akanitazama, akamtazama mtani wake, wakaangua kicheko wote wawili mpaka wakashikana mabega.

"Ile bloku iliyo chini ya turubai kwako, uliyoliwekea akiba lori lako," alisema mjomba akijifuta machozi, "naichukua. Na nguruwe haendi popote."

"Sakeasi! Ile nimeihangaikia mwaka mzi—"

"Umekasirika?"

"Nani? Mimi?" Kitione alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. "Chukua, ndugu yangu. Chukua na bolti zake."

Tuliivusha mto siku hiyohiyo. Mjomba aliipima tena kwa chaki, safari hii mimi nikiwa nimekalishwa mbali na kila aina ya unyoya. Ilikuwa nzima. Nikakabidhiwa brashi ya waya niisugue mpaka ing'ae.

Nilipomaliza, viatu vyangu vya shule havikuwapo mlangoni, na Kitione alikuwa keshavuka mto, akiimba.

Likizo ilipokwisha nilirudi bwenini na kandambili. Sikukasirika hata kidogo.