Chipu Iliyoona Kijicho

Saa nne asubuhi skrini ya maabara ilikuwa nyeusi tupu, ingawa kamera ilimwelekea kaka mtu aliyeketi mbele yake. Hiyo haikuwa hitilafu. Chipu iliyoendesha kamera hiyo, ya mdogo wake wa kike ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kulehemu, iliiga ubongo wa nzi: seli zake hunyamaza mpaka mwanga ubadilike ghafla, hivyo kisichosogea hakionekani.

Chipu ya kaka ilipiga picha nzima nzima, ikazilinganisha, ikachemka kama birika. Mkurugenzi alikuja kuchagua moja ya kupeleka kiwandani, na kaka hakuwa tayari kushindwa na mwanafunzi wake.

"Inua mkono, fundi," alisema mkurugenzi.

Kaka aliuinua mwendo wa kinyonga, akijua kwamba badiliko dogo kiasi hicho haliziamshi seli. Mkono ulifika begani. Skrini ilibaki nyeusi.

"Mbona haioni?"

Kaka hakujibu, maana mdomo ungeonekana ukicheza. Lakini kope hazikuzuilika. Nukta mbili nyeupe ziliwaka kwenye skrini, zikazimika, zikawaka tena.

"Kaka, wewe!" dada aliangua kicheko. "Mkono umeunyatisha, kope zimekuchongea. Hebu inua kama mtu anayefukuza nzi!"

"Kumbe inaona hata kijicho," alisema mkurugenzi.

Kaka aliushusha mkono kwa hasira, nao ukaonekana wote kwenye skrini, vidole vitano vikishuka. Mkurugenzi akaitia chipu ya dada kwenye kasha, akatoka nayo.