Namba Nane

Nilianza kuikwangua ile namba nane Jumapili asubuhi, Papa, baba yangu, akiwa kanisani. Nilikuwa na kipande cha msasa laini, kikombe cha maji na kitambaa cha pamba, na kazi niliifanya taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Maji meupe yalichuruzika juu ya ubavu mwekundu wa gari. Kabla nyimbo za kanisani hazijaisha, ubavu ulikuwa mtupu.

Hapo ni Butembo, mtaani Mususa, mwaka wa elfu mbili. Sebule yetu ndiyo ilikuwa karakana yangu ya ushonaji, na juu ya meza ya kukatia vitambaa lilikaa gari la kuunganisha, mfano wa gari la mashindano la miaka ya thelathini, lenye pua ndefu na magurudumu ya waya. Lilikuwa na urefu wa mkono wangu, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Lilikuja vipande zaidi ya elfu moja, ndani ya sanduku la karatasi.

Papa, Zorobabel, alikuwa fundi wa magari wa Mgiriki mmoja mnunuzi wa kahawa kwa miaka ishirini na miwili. Vita ya pili ya nchini kwetu ilipoanza, miaka miwili kabla ya hapo, Mgiriki alipanda ndege akaondoka, akimwachia Papa sanduku hilo, ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulifungua. Mwezi uliofuata askari walifika garajini kuchukua Land Rover. Papa alikawia kutoa ufunguo. Walimvunja vidole vya mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki. Vilipona vikiwa vimejikunja, haviwezi kushika hata parafujo. Mwaka mzima alikaa uani akisikiliza magari yakipita, akitaja ugonjwa wa kila moteri.

Ni mimi niliyelitoa sanduku chini ya kitanda.

"Papa, wewe sema, mimi nitashika," nilimwambia.

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alivuta kiti. Mchana, mvua ilipowazuia wateja wangu, tulikaa pale yeye akisoma michoro, mimi nikiunganisha. Kila kipande alikijua kwa jina, hata kabureta iliyokuwa ndogo kama punje ya haragwe. Waya za magurudumu nilizipitisha moja moja kama uzi kwenye sindano. Rangi tuliipaka mara saba, na kila mara tukailainisha kwa msasa na maji, mpaka Papa akaona sura yake kwenye kapo, kifuniko cha injini, akacheka. Risasi ziliposikika upande wa milimani, tulilifunika gari kwa kitenge, tukalala chini sakafuni. Zikinyamaza, tunafunua, tunaendelea.

Vidole vyake vikaanza kulegea. Kwanza alishika koleo, kisha brashi.

"Kyakimwa, namba uniachie mimi," alisema.

Ilimchukua siku tatu. Namba nane yake iliinama kama mwanamke aliyebeba kuni, tumbo la juu kubwa kuliko la chini, na ukingo wake ulitetemeka. Jioni hiyo aliimba alipokuwa akioga. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu garajini.

Wiki mbili baadaye kanisa letu lingefanya maonyesho ya kazi za mikono. Berthe, mke wa shemasi, alikuja kupima gauni la sherehe, akaliona gari, akapiga makofi.

"Ee! Kazi ya kweli! Lakini hii namba, ni mutoto gani aliiandika?"

Nilicheka pamoja naye. Papa alikuwa uani, na dirisha lilikuwa wazi. Mpaka leo sijui kama alisikia.

Jumapili ile nilichora nane mpya kwenye karatasi ya kukatia mitindo, nikaikata, nikaibandika ubavuni, nikapaka rangi nyeupe katika nafasi iliyokatwa. Ilitoka safi. Niliridhika; lazima niliseme hilo pia. Nilisimama mbali nikaitazama kwa furaha ya fundi.

Papa aliingia na kofia yake mkononi. Aliinama, akavaa miwani.

"Uliifuta."

"Papa, nimeirekebisha tu. Ilikuwa imeinama kidogo."

Akavua miwani, akaikunja.

"Iko muzuri," alisema. "Sasa iko muzuri kabisa."

Hakukaa tena kwenye meza ile. Siku ya maonyesho watu walilizunguka gari, na kila aliyemuuliza alijibiwa, "Ni kazi ya binti yangu." Nami, Mungu anisamehe, nilisimama kando yake nikipokea sifa.

Wiki iliyofuata alisema anakwenda Beni, kwa dada yangu Orpa, anayekaa mtaa wa Mulekera. Nilimsindikiza hadi kwenye lori. Neno la kuomba radhi lilikuwa mdomoni mwangu. Badala yake nikamwambia afunge koti, njiani kuna baridi. Akafunga vifungo kwa shida, kimoja baada ya kingine, na mimi sikumsaidia kwa kuogopa kumuudhi tena.

Kisha mapigano yakafunga barabara. Beni si mbali, lakini kwa miezi mitatu ilikuwa kama nchi nyingine. Habari zilikuja kwa redio ya parokia: Papa ana homa, Papa hali chakula. Lori la kwanza lililopita lilinifikisha siku nne baada ya maziko.

Nyumba ya Orpa ilijaa watu wa matanga. Mlango wa jikoni ulining'inia kwa bawaba moja, umefungwa kwa kamba. Orpa aliona ninavyoutazama.

"Uling'oka wakati Papa alikuwa hapa," alisema. "Nilimuomba autengeneze. Akakatala. Alisema, 'Mikono yangu inaharibu bitu. Ngojea Kyakimwa akuye, yeye anajua kazi.' Kila siku alikuwa anasema hivyo. Hata kifungo cha shati alikuwa ananiletea mimi nimufungie."

"Alisema hivyo kwa hasira?"

"Hapana." Orpa alishangaa. "Alikuwa anakusifu."

Akaniletea bisibisi na skrubu mbili kwenye kisahani. Nilikaa navyo mapajani, nikiwapisha watu waliotoka kwenda zao, mpaka tukabaki wawili. Sikumweleza kitu kuhusu ile namba nane. Jumatatu nilipanda lori kurudi Butembo, na mlango niliuacha kama ulivyokuwa.