Gaju Alikuwa Anapumzishwa Tu

"Usinionyeshe tena iyo telefone!" Mama Constance alizitua bidoni mbili tupu za maziwa juu ya meza ya ofisi kwa kishindo. "Nimerudisha bidoni za koperative. Sina kazi nazo tena. Gaju nimeuzisha."

Verdiane alikuwa ameshafungua mdomo amjibu kwa ukali. Akaufunga.

"Umemuuza lini?"

"Jana, ku soko ya Mweso. Yeye na mutoto yake. Nani anachunga ng'ombe ya kumwaga maziwa? Weye?"

"Mama Constance, nilikuambia. Kama uliondolewa, iko sababu. Musaidizi haondoe muntu bure."

"Basi aiseme! Muulize mbele yangu. Hata mama mukwe wa Jean de Dieu, siku anamufukuzaka, anamuambia sababu."

Jean de Dieu, aliyekuwa akifuta pikipiki yake ya kukusanyia maziwa mlangoni, alicheka, kisha akaona nyuso za wale wawili na kuacha. "Miye napita njia ile natumwa," alisema. "Niliambiwa nisisimame tena kwa Mama Constance, nisimame kwa mufugaji mwingine, Hilaire."

Hapo ndipo ugomvi ulipofika. Verdiane ndiye aliyeitengenezea koperative ya maziwa ya Kibabi programu yake. Alikuwa na diploma ya informatique, elimu ya kompyuta, aliyoipata Goma, na hakuna mwingine aliyekuwa nayo pale kilimani. Tangu mwaka uliopita alikuwa ameikabidhi kazi akili bandia, ile waliyoizoea kuiita msaidizi, isome habari za maziwa na kupanga pikipiki ipite kwa nani. Kila kazi iliyoruhusiwa kuifanya ilikuwa na kifaa chake ndani ya programu, na kila kifaa kilipaswa kuandikiwa maelezo: kinafanya nini, kitumike wakati gani. Nje ya maelezo hayo, msaidizi hakuwa na mtu wa kumnong'oneza.

Verdiane alimwandikia msaidizi swali kwenye kompyuta, na jibu likaja upesi. Alilisoma peke yake kwanza.

"Mama Constance aliacha kuleta maziwa. Maelezo ya kifaa cha kumwondoa mfugaji yanasema: 'Tumia kwa mfugaji aliyeacha kuleta maziwa.' Kuna kifaa kingine kinachoitwa Pumzisha, lakini hakina maelezo. Sikujua kinafaa wakati gani."

Yale maneno yalikuwa yake, aliyaandika mwenyewe huku chungu cha maharage kikichemka. Kile kifaa cha Pumzisha alikipa jina tu na kukiacha hivyo, kwa sababu aliona haya kueleza jambo ambalo mtoto yeyote wa Masisi analijua. Ng'ombe mwenye mimba kubwa haendelei kukamuliwa. Anapumzishwa. Akizaa, maziwa ya kwanza ni ya ndama, na yanayobaki ni ya watoto wa nyumbani. Hayapelekwi kwa watu wa jibini wanaonunua maziwa ya koperative. Mwenye ng'ombe huyo hajaacha lolote, anangoja tu, na majirani wanangoja naye. Isimbi, binti yake Verdiane, alilelewa kwa maziwa hayo mazito.

Na Constance alikuwa amempigia simu. Alimwambia, "Gaju amezaa, maziwa iko mingi, pikipiki inanipita." Verdiane alikuwa na wageni siku ile, akiwaonyesha jinsi msaidizi anavyofanya kazi peke yake. Angeweza kuuliza swali moja tu, kama alivyouliza sasa. Badala yake alijibu kwamba mashine haina chuki na mtu, akakata.

"Inasema nini?" Constance aliuliza.

Kusema kweli, angeweza kusema mtandao umekatika. Jean de Dieu angeamini.

"Inasema ni miye," Verdiane alisema. "Niliandika mwenye kuacha kuleta maziwa aondolewe. Ile ya kupumzisha sikuielezea. Nilizani inajulikana."

"Inajulikana na nani? Na mashini?" Constance alimtazama. "Mashini ilichunga ng'ombe wapi, Mama Isimbi?"

"Nina mutamba mumoja kwangu," Verdiane alisema. "Umuchukue."

"Sikukuomba ng'ombe. Ng'ombe mama yangu alinipatia njo nyanya ya Gaju. Utanipatia iyo?" Constance alikuwa ameshapunguza sauti, na hilo lilimuumiza Verdiane kuliko kelele zote. "Mbonigaba naye ameacha kukamua yake juma hili. Naye mutamufukuza?"

Jean de Dieu aliacha kitambaa chake. "Ni kweli. Jana hakunipa kitu."

Rais wa koperative angepiga makelele. Alikuwa amewaahidi wageni kwamba msaidizi atafanya yote bila mtu kumshika mkono. Verdiane aliivuta kompyuta karibu, akamnyang'anya msaidizi kifaa cha kuondoa wafugaji. Kuanzia hapo kumwondoa mtu kungekuwa kazi ya mkutano. Kisha akafungua kifaa cha Pumzisha, chenye nafasi tupu chini ya jina, akaanza kuandika.

"Ngoja nikusomee, Mama Constance."

Constance alikuwa ameshatoka, anashuka njia ya shambani kwake, mikono mitupu.

Verdiane aliendelea kuandika. "Tumia kifaa hiki maziwa yanapopungua au kukatika. Usidhani mfugaji ameacha. Ng'ombe mwenye mimba hukaushwa kabla ya kuzaa, na maziwa ya kwanza baada ya kuzaa hayauzwi. Mtunzie mfugaji nafasi yake, usimpe mwingine. Muulize mwenyewe ng'ombe anatazamiwa kuzaa lini. Asipojibu, mwambie Jean de Dieu apite amuone. Mfugaji akilalamika, mwamini kwanza."

Akayasoma tena, akayahifadhi, akamwambia Jean de Dieu awashe pikipiki aende kwa Mbonigaba, amuulize ng'ombe wake atazaa lini.