Wakaguzi wa Umaskini

Nsimire alikuwa amepiga deki chumba mara mbili, na Maman Mwavita, fundi cherehani wa mlango wa pili, alikuwa anaingiza kiti cha mwisho. Viti vitatu vya mbao, meza ndogo, na vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo hutandikwa siku ya Idi tu.

"Hapo sasa," Mwavita akasema. "Bageni bataikala muzuri."

Chumba chenyewe kilikuwa na godoro, ndoo na jiko la makaa. Nsimire alikuwa mwaka wa pili chuoni hapo Kamembe, Rwanda, na alikula mara moja kwa siku, siku nyingine viazi vitamu vitupu. Tangazo la chuo lilisema: mwanafunzi, usiteseke kimya, ofisi ya msaada ni yako. Basi hakunyamaza. Akapeleka barua ya kijiji, akapeleka ya sekta, akapeleka picha, akaambiwa arudie picha. Miezi mitatu ikaisha hivyo, kana kwamba njaa nayo husubiri muhuri. Sasa ilibaki ziara ya nyumbani. Ikipita, anapewa kadi ya kula kantini hadi mwisho wa mwaka. Isipopita, anarudi kijijini kwao Nyakarenzo kulimia watu, maana alishaanguka darasani mara moja na mwili haubishani na njaa.

Lakini mgeni ni mgeni. Mama yake, mtu wa kabila la Bashi kutoka ng'ambo ya Kongo aliyeolewa Nyakarenzo, alimlea hivyo: humpokei mtu mikono mitupu, hata akija kukagua njaa yako. Maharage aliyotumiwa na mama aliyapeleka dukani, akarudi na Fanta mbili.

Bwana Muhigirwa, mkuu wa ofisi ya msaada, aliahidi saa tatu akafika saa tano, tumbo mbele, karani na faili nyuma. Wakaketi, wakafunguliwa chupa. Muhigirwa akanywa kwa mkupuo mmoja, akapapasa kitambaa cha kiti.

"Unaishi muzuri, mademoiselle."

"Hapana, Papa. Hiyi viti njo ya jirani. Kwetu hatuikalishake mugeni chini."

Muhigirwa akamgeukia karani. "Andika: samani ipo, anakirimu wageni. Uwezo wa kati."

Nsimire akaonyesha jiko la makaa. "Papa, angalieni hata sufuria."

"Sikiliza. Kama viti ni vyako, unajiweza. Kama si vyako, umedanganya kamati. Niandike lipi?" Akaitikisa chupa tupu. "Haiko ingine?"

Loo, kuna watu hawana haya! Nsimire alimtazama yule mwanaume akijifuta povu mdomoni. Mwavita, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akauliza kwa upole kama anaweza kuchukua vitu vyake.

"Kamata, Maman," Nsimire akasema. "Simameni, Papa. Mwenyewe anavitaka."

Wakasimama, watafanyaje? Viti vikatoka, meza ikatoka, vitambaa vikakunjwa. Karani alibaki na chupa yake mkononi, hana pa kuiweka, macho yake kwenye godoro.

"Patron," akanong'ona, "nifute?"

"Fomu haifutwake. Ongeza: hana nidhamu." Muhigirwa akamsogezea Nsimire karatasi. "Saini hapa."

"Sisaini."

"Bila saini, faili haifungwi."

"Ibaki wazi basi."

Muhigirwa akamrudishia karani karatasi. Alitazama saa yake, akatoka. Nsimire akawafuata hadi mlangoni. Karani alikuwa ameshaiegemeza fomu kwenye ukuta wa nyumba, anaandika jina la Nsimire mahali pa saini, taratibu, kwa mwandiko mzuri kuliko wa Nsimire mwenyewe.

"Harakisha," Muhigirwa akamwambia. "Tuko na wengine wawili mbele ya kula."