Wazee Walipokunywa Uji kwa Mirija

Mjomba Eriaku alirudi Malaba kutoka hospitali ya rufaa akiwa amekonda hadi mbwa wake mwenyewe akambwekea. Mimi nilicheka. Anti Selpha, mkewe, alinitazama kwa jicho ambalo lingeweza kukaanga yai, nikaacha.

Ini ndilo lililomgeuka. Alitapika damu pale kwenye yadi ya malori, anakopanga matrela kwa filimbi, na kwa muda mrefu hatukujua kama tutandike kitanda au tutafute mbao za jeneza. Halafu akafungua macho, akauliza nani anapanga matrela. Daktari akamruhusu aje nyumbani kwa masharti mawili. Asionje pombe tena maisha yake yote. Na ale, kidogo kidogo, mara nyingi, mpaka mwili urudi. Asipokula tutamrudisha wodini, na safari hiyo daktari hakutaka kuahidi kitu.

Sharti la kwanza alilishika vizuri. La pili ndilo lililomshinda. Anti alimpikia kuku, akampikia samaki, akamsagia mpaka ndizi kama mtoto wa kunyonya. Mjomba alionja, akashukuru kwa adabu ya mgeni, akageukia ukuta. Jioni ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi, maana jioni wanaume wa mtaa huketi kuzunguka chungu cha Mama Among, nyumba ya tatu kutoka kwetu, kila mtu na mrija wake mrefu, wanavuta ajono, pombe yetu ya wimbi, huku wakisema uongo. Vicheko vilitufikia hadi sebuleni. Mrija wa mjomba ulikuwa umening'inia juu ya kitanda chake kama fimbo ya marehemu.

"Chrispine," aliniambia siku moja, "mtu anakula na watu. Mimi sina watu tena."

Nilitafuta utani wa kumjibu, nikakosa. Kwangu mimi hiyo ni dharura.

Nikaenda kwa Mama Among. Wazee walikuwa wameketi kama kawaida, lakini mahali pa mjomba, kati ya Hesbon na Okiria, palikuwa na pengo, na hakuna aliyethubutu kulisogelea. Hapo nikajua nimewapata. Nikawaambia shida ilivyo, kisha nikaomba kitu kimoja: kesho chungu kije kwetu, na ndani kiwe na uji.

Walinitazama kama watu waliotangaziwa kwamba mpaka umefungwa. Mzee Methuselah, ambaye jina lake na umri wake vinakimbizana, akasema uji ni wa watoto na wagonjwa. Nikamuuliza yeye angependa tumhesabu upande gani. Okiria akacheka mpaka mrija ukamtoka mdomoni. Hesbon hakucheka. Alilitazama lile pengo, akasema polepole kwamba mke wake ana unga mzuri wa wimbi, na kama ni kuvuta, atavuta hata maji ya mto. Basi, mambo yakaisha hapo.

Kesho yake msafara ulionekana hadi barabarani. Ingawa ni nyumba tatu tu, vijana wa bodaboda walileta chungu, Hesbon nyuma akikikumbatia kama bibi harusi, mirija imechomoza juu kama antena. Madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya kwenda Uganda walipiga honi bila kujua wanashangilia nini.

Mjomba alisikia sauti, akatoka mpaka mlangoni akishika ukuta. Alipoona chungu, uso ukamjaa maumivu. Alidhani wamekuja kunywa mbele yake. Kabla hajarudi ndani, Anti Selpha alimletea mrija wake na kiti, akamwekea kwenye pengo walilomwachia kati ya Hesbon na Okiria.

"Keti," akamwambia. "Leo wote ni wagonjwa."

Akaketi. Akanusa. Akawatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wameshaanza kuvuta, na hakuna kilichokuwa kinapanda.

Kosa lilikuwa la Mama Among, Mungu ambariki. Alipika uji mzito kabisa, ule wa kumpa mama aliyejifungua, na mrija wa ajono una kichujio chembamba chini, cha kuzuia makapi. Vichujio vyote viliziba. Hesbon mashavu yaliingia ndani hadi yakakaribia kukutana. Okiria alisimama ili apate nguvu. Mzee Methuselah, macho yamemtoka, aliamua kubadilisha mbinu. Badala ya kuvuta akapuliza, kwa pumzi yote aliyobakiwa nayo, na chungu kikakohoa. Uji uliruka ukatua kwenye kofia ya Okiria, ukaanza kushuka taratibu kuelekea puani.

Okiria aliulamba. Akasema hauna sukari.

Mjomba Eriaku alianza kwa kukohoa, nikaogopa. Kumbe ni kicheko kilichokuwa kimesahau njia. Kilimtoka kidogo, halafu kikamwagika, akashika mbavu na kuomba wamhurumie, na Anti Selpha akageuka haraka kufuta macho kwa leso.

"Wajinga nyinyi," mjomba akasema alipopata pumzi. "Selpha, leta vikombe. Na sukari ya huyu mtoto Okiria."

Akanywa kikombe chake chote. Akanyoosha mkono kuomba kingine, na wazee wakajifanya hawaoni, wakaendelea kubishana nani alipuliza.

Siku hizi chungu cha uji kinakuja kila jioni, kabla wazee hawajakiendea kile kingine cha Mama Among. Mjomba ndiye mkaguzi. Anauchuja mwenyewe, anamgombeza Mama Among, anaushushia na mihogo, na tayari filimbi yake inasikika yadini asubuhi. Juzi alirudi kwa daktari kupimwa uzito. Daktari alifurahi sana.

Ila nasema ukweli, aliyenenepa zaidi ni Mzee Methuselah.