Ghala Lisilopungukiwa na Kitu

Katika ramani zote zilizopata kuchorwa, nchi ya Ubiani haimo, na sababu yake si umbali wala udogo. Wachora ramani walifika huko mara kadhaa, lakini kila walipotandaza kazi yao, wenyeji waliwazunguka kwa bashasha wakaanza kuwaonyesha makosa: mto huu umepinda kupita kiasi, mlima ule umevimba, na kijiji hiki kimetiwa upande wa mama mkwe wake. Wageni wakakunja vyombo vyao wakaondoka wamenuna. Wenyeji walibaki wameduwaa, maana walikuwa wamewafanyia taadhima kubwa kuliko zote walizozijua.

Katika Ubiani, kutaja kasoro ya kazi ya mtu kulikuwa ni kumheshimu, na kumsifu bila kumkosoa kulikuwa ni kumzika angali hai. Bibi arusi aliyeambiwa kwamba mchuzi wake ni mtamu, basi, bila kuongezewa kwamba chumvi imezidi, alilia siku nzima akiamini kuwa wakwe zake hawana nia ya kuuonja tena. Mficha uchi hazai, walisema Waubiani, nao walikuwa na uzazi mwingi.

Fahari ya nchi hiyo ilikuwa Ghala la Kumbuka. Watu wa Ubiani hawakuandika, walifunga mafundo. Mpaka wa shamba, ahadi ya ndoa, dawa ya degedege, ukoo wa ng'ombe na ukoo wa watu, kila jambo lilifungwa katika kamba yake, na kamba ikatundikwa kwenye kigingi ghalani ili isipotee. Maghala ya kamba yalikuwako katika nchi nyingine pia, lakini humo kamba zilirundikana hata kuitafuta moja kukawa kazi ya msimu mzima. Bi. Hidaya binti Sanifu, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole visivyotulia, ndiye aliyebuni mpango wa vigingi ambao kwa huo swali lolote lilipata jibu kabla muulizaji hajameza mate.

Juu ya mlango aliitundika Kamba ya Idhini, nyekundu, ambayo hata kipofu aliweza kuisoma kwa vidole. Ilisema: ingia, uliza, jenga ghala kama hili popote upendapo, ulirekebishe upendavyo, sharti ni moja tu, nalo litundikwe kamba kama hii. Na kila Alhamisi watu walikusanyika uani kwa ajili ya Alhamisi ya Kasoro. Aliyeona kasoro ghalani alisimama akaitaja kwa sauti; Hidaya alimlisha kipande cha halua kwa mkono wake mwenyewe; na kasoro ile ilikuwa lazima irekebishwe kabla ya Alhamisi ya pili. Bingwa wa siku hizo alikuwa Bi. Kero, mjane mfupi mwenye sauti ya tarumbeta, ambaye kwa halua aliyoipata alikuwa amebakiwa na meno machache.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Waubiani waliulamba mkono wa Hidaya miaka mingi bila hata mmoja kuuliza asali inatoka wapi. Walikuja na maswali, wakaondoka na majibu. Walikuja na kasoro, wakaondoka na halua. Lakini gunia la mtama kwa wafunga mafundo waliolala njaa hakulileta mtu, kwa kuwa kila mmoja alidhani jirani yake amekwisha kulileta. Paa likaanza kuvuja. Hidaya alichoka, na uchovu ni dalali mbaya.

Ndipo alipofika Bwana Upole bin Ahadi, mfanyabiashara kutoka mji wa Tabasamu, mtu mwema aliyekuwa na ugonjwa wa kununua kila kilichompendeza.

"Dada yangu," alisema, "niuzie ghala hili, nami nitaliezeka paa na kuwalisha mafundi wako. Hakuna kitakachobadilika, ila labda mapazia."

"Unataka nini hasa katika ghala, kaka?"

"Kuta, mlango, ufunguo, na jina."

Hidaya aliwauliza Waubiani rai yao. Wakacheka. "Jina ni upepo tu," walisema. "Muuzie na upepo wa kaskazi ukipenda!" Basi akauza, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Paa halikuvuja, mafundi walinenepa kidogo, na mapazia yalikuwa mabaya, jambo lililowapa watu furaha ya Alhamisi nyingi.

Lakini mwenye kununua kila kinachompendeza siku moja huuzwa pamoja navyo. Biashara ya Bwana Upole ilizama, na yeye, tabasamu lake, na mali zake zote zikanunuliwa kwa jumla na tajiri Hodhi bin Kumeza wa mji wa Ukiritimba. Hodhi alikuwa na ghala lake mwenyewe, Ghala la Fahari, lenye nguzo za marumaru, ambamo muulizaji alilipa kwanza ndipo akajibiwa. Tena jibu halikuuzwa, lilikodishwa: aliyeambiwa mpaka wa shamba lake asubuhi alitakiwa awe ameusahau jioni, au alipe tena. Kwa nini mtu wa namna hii anunue ghala ambamo majibu hutolewa bure? Muuza maji hapendi kisima cha njiani, na akiwa na uwezo hukinunua.

Hodhi hakulifunga Ghala la Kumbuka. Ubaya wake haukuwa mchache wa akili. Alichofunga ni Alhamisi.

"Enyi watu wa Ubiani," alisema uani, akiwa amevaa joho ambalo pindo lake lilichukuliwa na watu wawili, "mali yangu haitatukanwa tena mbele ya wateja. Tangu leo, anayetaja kasoro ya ghala hili ameniharibia biashara. Semeni uzuri wake, au nyamazeni."

Watu wakatazamana kwa huzuni, wakidhani mwenye ghala amefiwa. Bi. Kero alisimama akasema kwamba kigingi cha ahadi za ndoa kimelegea. Hodhi, aliyeamini kuwa kila mdomo una bei, alimpa papo hapo cheo cha Msifu Mkuu, na kiti cha mto laini mlangoni. Bi. Kero alikikalia asubuhi nzima, akijibana, jasho likimtoka, akisema "zuri," "zuri sana," kwa kila aliyeingia. Adhuhuri aliruka akapiga kelele kwamba mto wa kiti umeshonwa kinyume, akaenda zake, akaugua homa isiyokwisha.

Mchwa nao waliingia katika vigingi. Mafundi waliwaona, lakini kumtaja mchwa ni kutaja kasoro, na kutaja kasoro kumekatazwa. Wakawapita wakisema "zuri." Mficha maradhi kifo humuumbua, na ghala lilianza kuumbuka kimyakimya, kamba baada ya kamba ikianguka katika vumbi, pamoja na ahadi, dawa na mipaka ya watu.

Bi. Hidaya alijua. Alikuwa akipita nje akisikia, kupitia ukuta aliouuza, jinsi wadudu wanavyotafuna kazi ya ujana wake, na moyo ulimuuma kwa uchungu usio na mfano. Alijilaumu, akawalaumu na majirani. Kisha akaacha kulaumu, akachonga vigingi. Katika uwanja wake mwenyewe alijenga ghala jipya kwa mpango ule ule, akatundika Kamba ya Idhini, nyekundu. Jina la Kumbuka hakuweza kulitumia, kwa maana lilikwisha kuuzwa pamoja na upepo, akaliita Usisahau. Ndipo Waubiani walipojua uzito wa upepo. Wasafiri waliotoka mbali waliulizia Kumbuka, wakaelekezwa kwa mchwa, na walipita mbele ya Usisahau bila hata kugeuza shingo.

Mtu wa kwanza kuingia alikuwa Bi. Kero, angali anayumba kwa homa. Alitazama juu, akatazama chini.

"Hidaya, mlango wako umepinda."

Hidaya alimkumbatia akalia kwa furaha, na Bi. Kero akapona siku hiyo hiyo.

Habari zilipomfikia Hodhi, alimshitaki Hidaya kwa wizi mbele ya Kadhi Insafu. Adhabu aliyoitaka ilikuwa ile ya Ukiritimba: ghala jipya libomolewe, na vidole vya mshitakiwa vifungwe pamoja kwa waya, visifunge fundo tena maisha yake yote. Hidaya hakuwa na mali nyingine duniani zaidi ya vidole vile. Siku ya hukumu alivificha kwapani, kama mtu anayeona baridi.

Hodhi alikuja na wateja wake wakubwa kutoka miji yote, waone jinsi anavyolinda mali. Ukumbi ulijaa, na Waubiani waliosalia walining'inia madirishani.

"Ewe kadhi mwadilifu," alisema Hodhi, "nilinunua ghala. Mwanamke huyu analo la pili, lenye mpango ule ule. Ameutoa wapi kama si kwangu?"

"Kamba ya Idhini iliruhusu," alijibu Hidaya. "Ilining'inia pale kabla yako, Bwana Hodhi, na kila mtu aliisoma."

"Ilining'inia juu ya mlango wangu! Mlango ni wangu, basi kamba ni yangu, nami nimeiondoa."

Kadhi Insafu, mzee mwenye nyusi nene na uso wa kusinzia, alijikuna sikio. "Bwana Hodhi, jirani aliyeomba moto jikoni kwako, ukizima jiko lako, wa kwake huzimika?"

"Moto si mali, ewe kadhi. Ghala ni mali, nami nimeibiwa."

"Hayo ni mashitaka mazito. Basi tuyapime. Katika nchi hii mwenye kitu hujulikana kwa kukijua kitu chake. Bi. Hidaya, ghala ulilolijenga zamani lina kasoro gani?"

Hidaya alisahau hofu. Alivitoa vidole kwapani akaanza kuhesabia: kigingi cha ndoa hulegea wakati wa masika, safu ya dawa iko karibu mno na safu ya sumu, mlango humbania mtu mnene, na sasa, Mungu anisamehe, kuna mchwa. Alieleza kila kasoro ilivyoanza na jinsi ya kuiponya, akaendelea hata msaidizi wa kadhi akapiga miayo, na madirishani watu walifuta machozi kwa mapenzi. Kadhi akamgeukia tajiri.

"Na wewe, bwana? Taja moja tu."

Hodhi aliwatazama wateja wake. Walikuwa wamemkodolea macho, na neno mchwa lilikuwa limewafanya wasogeze viti.

"Ghala langu halina kasoro!" alisema kwa ghururi.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Fikiri vema. Utaapa kwamba halikupungukiwa na kitu? Kigingi, kamba, mteja, faida?"

Wateja walivuta pumzi wakangoja. Hodhi aliuinua mkono wake wenye pete. "Naapa mbele ya wote waliohudhuria: ghala langu ni kamili kama nilivyolinunua, na halikupungukiwa na kitu chochote."

"Alhamdulillahi," alisema Kadhi Insafu, na usingizi ukamtoka usoni. "Ambaye mali yake ni kamili hakuibiwa. Bi. Hidaya, nenda na vidole vyako. Bwana Hodhi, nenda na kuta, mlango, ufunguo na jina, maana hivyo ulivinunua kwa haki. Na kwa kuwa umeapa, usije tena kulalamika hapa kwamba kimoja kimeanguka."

Kuta zilianguka mwezi uliofuata. Hodhi alibaki na ufunguo na jina, na inasemekana kwamba jina analikodisha mpaka leo.

Alhamisi ya kwanza baada ya hukumu, uwanja wa Usisahau ulifurika. Watu walimbeba Hidaya mabegani, wakaimba, wakawalaani Hodhi na Upole, na uzao wao, na mapazia yao. Waliponyamaza kungoja halua, Hidaya mwenyewe alipanda juu ya kinu kilichofudikizwa.

"Leo nina kasoro mimi," alisema. "Kubwa kuliko zote. Hodhi hakulinunua ghala letu kwangu. Nililiuza mimi kwa Upole. Na sikuliuza kwa tamaa. Niliuza kwa sababu mafundi wangu walilala njaa, na ninyi mlikuja kila Alhamisi mkakagua paa linalovuja juu ya vichwa vyao, mkala halua yangu, mkaenda makwenu. Kasoro ya ghala hili ni ninyi."

Hakuna aliyepata kutajwa namna ile katika historia ya Ubiani, na hakuna aliyejua kama ameheshimiwa au ametukanwa. Kisha Bi. Kero, bingwa wa miaka yote, alisogea mbele, akachukua kipande cha halua katika sinia, akamlisha Hidaya kwa mkono wake mwenyewe.

"Umenishinda," alisema, akaondoka.

Sheria ni sheria: kasoro iliyotajwa lazima irekebishwe kabla ya Alhamisi ya pili. Jioni ile ile Bi. Kero alionekana akipanda kilima cha kwenda Usisahau na gunia la mtama kichwani, na nyuma yake msururu wa watu wenye magunia, njia nzima akilalamika kwamba gunia ni zito, njia ni mbovu, na waliomfuata wamechelewa miaka mingi.